Nijitoe kwenye shindano la kupanda milima, au niendelee?

Salaam Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 46, ni mkazi wa Kihonda hapa Morogoro, na ninafanya kazi ya uhasibu katika taasisi ambayo naomba nisiitaje. Uongozi wetu umeanzisha shindano la afya litakaloanza mwezi Juni na kumalizika mwishoni mwa Septemba. Wafanyakazi tumegawanywa katika vikundi vya watu sita sita, na kila kikundi kinakusanya alama kwa kupanda vilima na milima ya hapa hapa nyumbani siku za Jumamosi. Morningside ina alama zake, Nguru ya Ndege ina zake, Bondwa ina nyingi zaidi, na Lupanga ndiyo inayoongoza. Nilijiandikisha siku ya kwanza kabisa, kwa sababu mwaka jana niligundulika kuwa na presha, na daktari aliponianzishia dawa alinisisitiza nipunguze uzito na niache maisha ya kutoka kwenye kiti kuingia kwenye gari na kutoka kwenye gari kurudi kwenye kiti. Nilidhani shindano limeletwa kwa ajili ya watu kama mimi.

Tatizo lilianza tulipokutana kupanga ratiba. Kiongozi wa kikundi chetu, kijana wa idara ya TEHAMA ambaye nadhani hajafika miaka 30, alipendekeza tuanze na Lupanga Jumamosi ya kwanza ya Juni ili tujikusanyie alama mapema, na wenzangu wote wakamuunga mkono. Niliposema kwamba goti langu la kulia huuma ninaposhuka ngazi, alijibu kwa utani kwenye kundi letu la WhatsApp kuwa "Mama yetu atatulindia gari", na watu wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, kwani ni kijana mwenye adabu ambaye hunipa shikamoo kila asubuhi, lakini maneno yale yameniingia na tangu siku hiyo nikifungua kundi lile nasoma nikiwa na wasiwasi.

Nyumbani nako sipati wa kunitia moyo. Mume wangu ananiuliza mtu mzima anapanda mlima kutafuta nini, maana kina mama wa Kiluguru tunaowaona wakishuka na ndizi na mboga kichwani wanapanda kwa kuwa mashamba yao yako huko juu, na kama wangekuwa na usafiri wasingetembea. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema Jumamosi ni siku ya misiba na harusi, na kwamba haipendezi mke wa mtu kukosekana kwenye shughuli za mtaa kwa sababu amevaa suruali akaenda kutembea porini.

Naomba unishauri. Je, nijitoe sasa, kabla sijawa mzigo kwa wenzangu, au niende hivyo hivyo na kujikaza? Rafiki yangu ananiambia nimeze diklofenaki asubuhi ya safari ili goti lisinisumbue. Hilo nalo ni sawa? Nimebakiza wiki tatu tu.

Mama Kihonda

*

Dada yangu wa Kihonda,

Usijitoe. Ila Lupanga ya Jumamosi ya kwanza ya Juni usiende, wala usikubali kubembelezwa, na diklofenaki ya asubuhi ya safari iache dukani. Nitaeleza sababu za yote matatu, na nitaanza na Lupanga kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi.

Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kimepita mita 2,100. Maana yake ni kwamba mtu anayeanzia mjini anapanda karibu mita 1,600 kwa siku moja, kisha anazishuka zote siku hiyo hiyo. Mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo wapandaji wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, mwinuko wa Lupanga peke yake unaongeza zaidi ya saa mbili na nusu juu ya muda wa kutembea umbali huo huo kwenye tambarare, na Naismith alikuwa akiwahesabia watu wenye mazoezi, kwenye njia nzuri, bila vituo vya kupumzika. Ndani ya msitu wa Uluguru njia inapita kwenye mizizi, utelezi na sehemu ambazo mtu hupanda kwa mikono na miguu. Mgeni wa milima anayekwenda kwa mwendo wa kawaida atatumia mchana mzima, na mwezi Juni jua la Morogoro linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, huku chini ya miti giza likitangulia. Kiongozi wenu ameangalia safu ya alama tu. Angeiangalia safu ya saa, nadhani naye angeahirisha, hata kwa ajili ya magoti yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye presha, kwa sababu hapa ndipo huwezi kujiongoza kwa kusoma ushauri wa gazetini. Wiki hii nenda kwenye kliniki unakochukulia dawa, upimwe, na umweleze daktari kwa maneno ya wazi kwamba unakusudia kupanda milima kwa miezi minne, kwa saa kadhaa kila Jumamosi. Usiseme "mazoezi" tu, kwani atadhani ni kutembea kuzunguka uwanja. Muulize dawa unayotumia ni ya aina gani. Zipo dawa za presha zinazoongeza mkojo, na mtu anayezitumia akitoka jasho jingi juani anaweza kupungukiwa maji upesi na kupata kizunguzungu. Zipo nyingine zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo, kiasi kwamba ile saa ya mkononi ambayo vijana wanaiamini itakuambia unajikokota wakati mwili wako umeshafika ukomo. Usipunguze wala kuruka dozi kwa ajili ya safari bila daktari kukuambia. Ikiwa vipimo vyako vinarudia kuonyesha 140/90 au zaidi ilhali unameza dawa, tiba yako inahitaji kuangaliwa upya kabla ya milima mikubwa. Na ukikuta 180/110 asubuhi ya safari, siku hiyo unakwenda hospitali, mlima utaendelea kuwepo.

Kipimo cha kutumia njiani ni mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, unakwenda vizuri. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, punguza mwendo. Ukishindwa kusema kabisa, simama. Maumivu au mbano kifuani, kizunguzungu, au kukosa pumzi ambako hakuishi hata ukipumzika, hayo si ya kujikaza nayo. Unaketi, unamwambia aliye karibu, na safari yenu inageuka kuwa ya kukurudisha chini na kukupeleka kwa daktari. Mwambie mwenzako mmoja wa kikundi kwamba una presha. Si lazima kundi zima lijue, lakini anayetembea nyuma yako lazima ajue.

Kuhusu diklofenaki, rafiki yako anakutakia mema ila anakupeleka kubaya. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na zikikutana na mwili uliopungukiwa maji zinazielemea figo. Isitoshe, maumivu ya goti ukiwa mlimani ni taarifa unayoihitaji. Ukiyanyamazisha asubuhi, utashuka mlima mzima bila kujua unachokifanya, na utakuja kujua Jumapili. Mwonyeshe daktari goti hilo katika safari ile ile ya kliniki, hasa ikiwa huvimba, hukwama au hulegea ghafla.

Umesema linauma unaposhuka ngazi, na hilo limenifundisha zaidi kuliko ungesema linauma tu. Wengi hudhani kazi ya mlima ni kupanda. Kupanda kunachosha moyo na mapafu, lakini kushuka ndiko kunakotesa magoti na mapaja, kwa sababu misuli ya mbele ya paja inalazimika kuuzuia mwili huku yenyewe ikivutika kila hatua. Ndiyo maana mtu hurudi mzima Jumamosi jioni, halafu Jumatatu akashindwa kushuka kwenye daladala. Dawa yake ni kuizoesha misuli hiyo mapema. Kaa kwenye kiti cha jikoni, simama bila kushika kitu, kisha kaa tena taratibu sana, ukijizuia usidondoke. Rudia mpaka mapaja yaanze kuwaka, kisha pumzika na urudie. Kwenye ngazi za ofisini kwenu, shuka polepole ukishika ukingo, mguu mzima ukikanyaga ngazi, na usiende mbali zaidi ya pale ambapo maumivu ni madogo. Fanya hivyo siku mbili au tatu kwa wiki. Siku ya safari beba fimbo mbili, moja kila mkono, kwani zinapunguza mzigo wa magoti wakati wa kushuka. Za dukani ni nzuri, ila fimbo nyepesi za mti zinazokufika usawa wa kiwiko zinafanya kazi ile ile.

Kitu ambacho waandaaji wa mashindano ya namna hii huwa wanakisahau, na mimi hunikera, ni kwamba afya hailetwi na Jumamosi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Mtu akikaa kitini siku tano kisha akaushambulia mlima siku ya sita, ameuonea mwili wake. Kwa hiyo wiki hizi tatu zilizobaki zitumie kwa kutembea dakika 30 jioni, siku tano kwa wiki, kwanza kwenye tambarare za Kihonda kwenu, na baadaye siku moja moja uelekee barabara za kupanda za upande wa chuo cha SUA au Kigurunyembe, ambako miguu itaanza kuonja mwinuko huku barabara ikiwa nzuri na watu wapo. Ukifika Juni ukiwa umefanya hivyo tu, utakuwa umejiandaa kuliko nusu ya wale wanaokucheka, wengi wao ukiwachunguza hawajatembea tangu walipomaliza JKT.

Ratiba ninayokushauri uipiganie ni ya kuanza chini. Morningside iwe ya kwanza, na mara ya kwanza si lazima ufike: panda kwa saa moja na nusu, kunywa maji, tazama mji ulivyotandazwa chini yako, kisha rudi, na kesho yake usikilize goti linasemaje. Likiwa tulivu, safari ya pili ndiyo ufike kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani. Kati ya hapo ingizeni Nguru ya Ndege, ili mchanganye mandhari na msichoke na njia moja. Bondwa, kile kilele chenye minara ya mawasiliano, iacheni hadi mwishoni mwa Agosti au Septemba, na uzuri wake kwako ni kwamba njia yake inapitia Morningside, kwa hiyo siku ambayo mwili umekataa unageuzia hapo na bado umepata safari kamili. Lupanga iwe ya mwisho kabisa, kwa anayeitaka. Usipoipanda msimu huu hujashindwa chochote. Juni hadi Septemba ni miezi ya ukavu na ubaridi huku kwetu, na mwakani itarudi.

Hata katika miezi hiyo, Uluguru haiaminiki sana. Ukungu unashuka wakati wowote na udongo mwekundu ukilowa huteleza vibaya, hivyo koti jepesi la mvua likae begini hata kama asubuhi ni nyeupe. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, na mkubaliane kabla ya kuondoka saa ya kugeuza: ikifika saa fulani, popote mlipo, mnarudi, hata kama kilele kinaonekana. Ndani ya hifadhi ya mazingira asilia mnahitaji kibali na mwongozaji anayeijua njia. Taratibu ziko kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kiongozi wenu azishughulikie siku kadhaa kabla, asisubiri Jumamosi alfajiri. Na chini ya msitu mtakuwa mnapita mashambani mwa watu. Salimieni, na msikanyage matuta kwa ajili ya kupiga picha.

Viatu ndivyo vitakavyokugharimu, na nadhani utavitafuta kwenye mitumba kama wengi wetu. Hakuna ubaya, lakini viatu vya mlimani vilivyokaa stoo kwa miaka vina ugonjwa wao: soli inaonekana nzima, na ukifika katikati ya mlima inabanduka yote. Kabla ya kulipa, kunja kiatu kama unayepiga hatua na uangalie mstari ambapo soli imeshikana na ngozi. Kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ukiona nyufa, au ikimeguka chengachenga, kirudishe hata kama bei ni ya kutupa. Chukua kinachoacha nafasi kidogo mbele ya vidole, kwa sababu wakati wa kushuka mguu husogea mbele, na kata kucha siku mbili kabla. Kivae kwenye matembezi yako ya jioni kwanza. Malengelenge ni afadhali yakutokee ukiwa Kihonda.

Chakula hakina siri: lita mbili za maji, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, karanga zisizo na chumvi. Zile pakiti za chumvi za kurejesha maji mwilini ziwepo begini kwa dharura, lakini usizinywe kama juisi, kwa kuwa mwenye presha anahesabu chumvi yake.

Nimeacha kikundi hadi hapa kwa makusudi, maana sasa unayo hoja ya kupeleka. Usijibu utani ule kwenye kundi. Mwite kijana wako pembeni, au mwandikie yeye peke yake, maneno kama haya: "Mwanangu, nimelipenda shindano letu na nitakuwepo kila Jumamosi nitakayoweza. Nina presha na goti, na daktari anajua mpango wangu. Naomba tuanze na Morningside, Lupanga tuiweke Septemba, na tukiwa njiani anayetembea polepole awe mbele badala ya nyuma, ili tusiachane. Ile ya kulinda gari iliniumiza kidogo, nikaona nikuambie wewe mwenyewe." Kijana anayekupa shikamoo kila siku ataielewa sentensi ya mwisho bila kuongezewa. Hilo la mwenye mwendo mdogo kutangulia si hisani wanayokufanyia. Ndiyo njia ya kukizuia kikundi kisikatike vipande viwili msituni, kimoja kikiwa na mwongozaji na kingine hakina.

Ikiwezekana, wewe ambaye ni mhasibu, peleka pia pendekezo kwa waandaaji: alama zitolewe kwa mahudhurio na kwa dakika za kutembea katikati ya wiki, si kwa urefu wa kilele pekee. Shindano la afya linalowazawadia waliokuwa na afya tayari, na kuwaacha wagonjwa wa presha wakilinda magari, limekosea hesabu, na hesabu ndiyo kazi yako.

Mume wako amesema jambo ambalo nusu yake ni kweli. Kina mama wale hawapandi kwa ajili ya afya, wanapanda kwa ajili ya mashamba, na mizigo ile si ya kuionea wivu. Ila wewe huna shamba Uluguru, una kiti. Mweleze hivyo, kisha umwombe akusindikize kwenye yale matembezi ya jioni. Mwanamume aliyetembea nawe wiki mbili hataendelea kuuliza unatafuta nini.

Kwa mama mkwe usibishane, mpe ratiba. Mkianza saa kumi na mbili asubuhi kwenda Morningside, unaweza kuwa umeoga kabla ya saa nane mchana, na misiba mingi ya mtaani huzika saa tisa au saa kumi. Jumamosi yenye harusi ya ndugu au msiba wa jirani wa karibu, usiende mlimani, na uliseme hilo mbele yake mapema bila kusubiri akuulize. Suruali vaa, kwa kuwa sketi hunasa kwenye mizizi, lakini toka nyumbani ukiwa umejifunga khanga juu yake, uivue mkiwa mmeanza kupanda, na uifunge tena kabla hamjafika barabarani. Mama atakuwa ameridhika, na khanga yenyewe utakuta inakufaa: ni ya kukalia, ni taulo, na mtu akiteguka mguu ni bandeji.